Miamba ya Ibada ya Singida

Kaskazini mwa Pakistan, juu ya kilima cha Takht-i-Bahi, yapo magofu ya makao ya watawa wa Kibudha yenye umri unaokaribia miaka elfu mbili. India nako, katika bonde la Ajanta, watawa walichonga mapango yapatayo thelathini ndani ya jabali na kuzipamba kuta zake kwa michoro ya rangi. Watu husafiri kutoka pande zote za dunia kwenda kuyaona. Singida nayo ina mahali pa ibada miambani, na wengi wetu tunapita kando yake kila siku bila kugeuza shingo.

Mkoa huu ni wa mawe. Kuanzia mjini, kando ya maziwa ya Singidani na Kindai, hadi nyanda za juu za Iramba na Mkalama, miamba ya granaiti imerundikana juu ya ardhi iliyo mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Pale ubavu wa mwamba unapoinama na kuacha kivuli chini yake, watu wa kale walipata makazi, na ukutani wakachora.

Sogea karibu na ukuta wa namna hiyo, uyape macho muda wa kuzoea kivuli. Kwanza utaona mistari myembamba ya rangi nyekundu iliyotokana na udongo wenye chuma: twiga, pofu, watu warefu wa kiuno chembamba. Juu yake, mara nyingine ikiifunika, ipo michoro mizito ya rangi nyeupe, mingine ikionekana wazi kuwa imepakwa kwa kidole. Wataalamu wengi huihusisha ile nyekundu na wawindaji na waokota matunda, jamaa wa mababu wa Wasandawe, na ile nyeupe na wakulima waliokuja baadaye. Ukuta mmoja, watu wa zama mbili, na wote waliona kwamba mahali hapo panastahili alama.

Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyezunguka kati ya Ziwa Eyasi na Isanzu, huko Mkalama, katika miaka ya 1930, alinakili michoro ya ukanda huu na kuichapisha mwaka 1938. Mwaka 1971 Knut Odner akachapisha matokeo ya utafiti wake wa mambo ya kale ya Iramba. Jirani zetu wa Kondoa, ambako Mary Leakey alinakili michoro mwaka 1951, walifika mbali zaidi: tangu 2006 miamba yao imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa maoni yangu, kuiita miamba hii sanaa ya kale tu ni kuipunguza. Mwaka 1931 A. T. Culwick aliandika juu ya matambiko kwenye mwamba wenye michoro huko Bahi, mashariki ya Manyoni. Mungomi wa Kolo, Kondoa, watu bado wanakwenda kutambika. Na hapa kwetu Mkalama, Kirumi palikuwa makao ya watemi wa Isanzu na kitovu cha ibada ya mvua. Mtafiti Todd Sanders, aliyeishi na Waisanzu katika miaka ya 1990, ameeleza jinsi ibada hiyo inavyodai mwanamume na mwanamke kwa pamoja: wapo wenye mvua wa jinsia zote mbili, na mvua ikichelewa wanawake huwa na ngoma zao ambazo wanaume hawaruhusiwi kuzikaribia. Utemi ulifutwa na serikali mwaka 1963. Ibada ya mvua haikufutika.

Adui mkubwa wa miamba hii leo ni sururu. Imeenea imani kwamba Wajerumani, walipokimbizwa mwaka 1916, walifukia rupia na dhahabu, na kwamba michoro ni alama za kuonyesha zilipo. Basi watu huja usiku na kuchimba chini ya ukuta. Rupia hawapati. Wanachovuruga ni tabaka za udongo zenye zana za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vigae na mavi ya chuma, ambazo mwanaakiolojia huzisoma moja baada ya nyingine ili kujua nani alitangulia na nani alifuata. Tabaka zikishachanganywa hazipangiki tena. Gandhara nako, eneo la kale lenye Takht-i-Bahi, wawindaji wa sanamu walibomoa stupa, majengo ya ibada ya Kibudha, kwa namna hiyo hiyo, na hasara yake haijalipika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda michoro ya miambani, na hakuna anayeruhusiwa kuchimba maeneo hayo bila kibali. Lakini polisi hawezi kukesha kwenye kila mwamba. Anayeweza kuulinda ni mwanakijiji anayeuona kutoka shambani kwake. Halmashauri zetu ziorodheshe miamba hii na kuwalipa wazee wa mila wawe waongozaji. Nawe msomaji, ukienda, pitia ofisi ya kijiji, uende na mzee anayepajua mahali. Usimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha, maana rangi huharibika. Ukikuta shimo jipya chini ya mwamba, toa taarifa siku hiyo hiyo.