Hedifoni za Mjomba

Ndugu msomaji, usicheke. Hedifoni ninazozisimulia zimenizidi umri: Sennheiser HD 414, zilizotengenezwa Ujerumani Magharibi. Mjomba wangu, baharia, alirudi nazo, na alipofariki nikaachiwa mimi. Sponji zake za njano zilikuwa zimegeuka vumbi.

Basi nikajifanya fundi. Nilitaka besi izame, nikashindilia pamba nyuma ya spika. Kumbe nimeziziba pumzi! Sauti ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Hapo ndipo nikaanza kuitafuta historia. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake hedifoni alizoziunda nyumbani. Mwaka 1958 John Koss akaleta za stirio. Nyingi za enzi hizo zilifunika sikio gubigubi. HD 414, zilizotoka 1968, ziliacha wazi mgongo wa spika ili hewa ipite. Siri yenyewe ndiyo hiyo, nami nilikuwa nimeijaza pamba!

Nikaitoa. Nikasugua pini za waya, maana waya wake huchomoka bila kulehemu, nikakata sponji mpya. Redio yangu ndogo haikuzimudu, kwa kuwa ukinzani wake ni omu 2,000. Nikazichomeka kwenye amplifaya. Nikasikia gitaa, hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi.

Jamani, kabla ya kuboresha kitu cha wakubwa, tujue kwanza kwa nini kilitengenezwa hivyo. Mimi nusura niizime sauti aliyoisikia mjomba.