Yai Lililopotea Njia: Kichocho Kwenye Kizazi cha Mwanamke (Sehemu ya 4)



Wiki iliyopita tuliishia kwenye minyoo ya watoto. Leo nawaletea ile niliyoahidi: kichocho kinachokwenda mahali ambapo watu hawakitafuti. Ni ndefu kidogo, isome taratibu huku unanyonyesha.

Nilipokuwa muuguzi mpya alikuja mama mmoja, mkulima wa mpunga. Alikuwa na uchafu ukeni, maumivu chini ya kitovu, na damu baada ya tendo la ndoa. Alishapewa dawa za magonjwa ya zinaa mara tatu, na mimi nikataka kumwandikia zilezile mara ya nne. Nyumbani mume alishaanza maneno. Bahati nzuri siku ile alikuwepo dada mkuu wa zamu, mtu mzima, akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, utotoni ulikuwa unaoga wapi?" Akajibu, "Lamboni, mama." Akachunguzwa upya bila haraka. Kwenye shingo ya kizazi kulikuwa na mabaka ya manjano, yenye punje kama mchanga. Kilikuwa kichocho. Tulipomweleza alilia, akasema, "Kwa hiyo si mimi niliyeleta zinaa nyumbani?"

Swali lake bado ninalo. Na nilipoanza kusoma historia ya ugonjwa huu niliona aibu zaidi, kwa sababu kumbe siyo kitu kigeni hata kidogo.

Mwaka 1910 mtafiti Marc Armand Ruffer alieleza mayai ya kichocho aliyoyakuta kwenye figo za maiti zilizokaushwa Misri, zenye umri wa miaka kama 3,000. Mnyoo wenyewe aliugundua daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Cairo mwaka 1851. Ndiyo maana wazee wetu wa hospitali wanauita bilhazia. Mwaka 1915 Robert Leiper akaonyesha, hukohuko Misri, kwamba konokono wa majini ndio wanaobeba vimelea kabla havijaingia kwa binadamu kupitia ngozi.

Na kizazi je? Mwaka 1899 daktari Frank Madden, aliyekuwa Cairo, aliandika kuhusu mwanamke mwenye kichocho ukeni. 1899, mama zangu! Hata kabla ya konokono kujulikana, kulikuwa na maandishi kwamba ugonjwa huu unafika huko.

Unafikaje? Mnyoo wa kichocho cha mkojo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai, na mayai yanatakiwa kupenya kibofu yatoke na mkojo. Lakini mishipa ya kibofu na ya kizazi ni majirani, inaungana. Yai likipotea njia linanasa kwenye shingo ya kizazi, uke, hata mirija ya uzazi. Mwili unaliona kama adui, unalizungushia kinga, na hapo kunajengeka kivimbe kidogo kigumu. Yakinasa mengi, ndiyo ile michanga. Ngozi ya ndani inakuwa dhaifu, inavuja damu kirahisi. Mirija ikiharibika, mimba inaweza kukataa kushika, au ikatunga nje ya mji wa mimba.

Sasa turudi kwetu. Kuna vichocho viwili. Pale mwaloni, kwenye ziwa lenyewe, kinachotusumbua zaidi ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake huenda kwenye utumbo na ini. Kichocho cha mkojo, ambacho ndicho hasa kinachofika kwenye kizazi, kiko zaidi huku bara, kama Misungwi na Kwimba: kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Konokono wake ni mvumilivu ajabu. Dimbwi likikauka anajichimbia kwenye tope, mvua ikirudi naye anarudi.

Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilichimba malambo mengi Usukumani ili watu na ng'ombe wapate maji. Maji yalikuwa neema kweli. Lakini konokono nao walipata makazi. Miaka hiyohiyo Mwanza ilipata kituo cha utafiti wa tiba cha Afrika Mashariki, ambacho leo ni NIMR Mwanza. Wataalamu kama Peter Jordan na Gerald Webbe walifanya hapa kazi kubwa juu ya kichocho na konokono wake. Kwa hiyo elimu ilikuwepo mlangoni kwetu. Lakini kichocho kiliendelea kutafutwa kwenye mkojo na choo. Mwanamke mwenye damu alichukuliwa kuwa na hedhi mbaya, au tabia mbaya.

Na tiba? Mwaka 1918 J. B. Christopherson aliripoti kutoka Khartoum kwamba sindano za madini ya antimoni zinaua mnyoo. Zilichomwa kwenye mshipa, tena na tena kwa wiki kadhaa, na zilitapisha. Miaka ya 1970 makampuni ya Kijerumani Bayer na Merck yakatengeneza prazikwanteli, vile vidonge vikubwa vichungu ambavyo watoto hupewa shuleni. Ila kwa miaka mingi wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje. Ni mwaka 2002 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza nao wapewe. Hebu hesabu: mwanamke anayezaa na kunyonyesha mfululizo, alikuwa anarukwa miaka mingapi?

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 457 kwenye vijiji vinane vya kanda yetu. Walioonekana na kichocho hiki walikutwa na VVU mara nyingi kuliko wenzao. Hiyo haina maana kwamba kichocho ni VVU. Ina maana kidonda ukeni si jambo la kupuuza. Na mwaka 2015 WHO ikatoa kitabu kidogo cha picha, ili sisi wauguzi tuyatambue yale mabaka kwa macho.

Kwa hiyo fanya hivi, mama:

1. Ukienda kituoni na dalili kama za yule mama, sema mwenyewe: "Nimekulia kwenye lambo, au nalima mpunga." Usisubiri kuulizwa.

2. Usikatae vipimo vya zinaa, VVU na saratani ya shingo ya kizazi. Mtu anaweza kuwa na zaidi ya kimoja.

3. Kipimo cha mkojo kikikosa mayai, bado yanaweza kuwa yamenasa kwenye kizazi. Omba uchunguzwe.

4. Prazikwanteli imeze baada ya kula. Mwongozo wa WHO wa 2022 unaruhusu kuanzia miaka miwili, wanaonyonyesha, na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Dozi upimiwe kituoni.

5. Dawa inaua minyoo. Mayai yaliyokwisha kunasa haiyaondoi, na makovu mengine hubaki. Ndiyo maana binti atibiwe mapema, asisubiri kuolewa.

6. Maji ya kuogea watoto yachote, uyachuje, yakae siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa. Vimelea vitakuwa vimekufa.

Akina baba, mkeo akiambiwa ana uchafu usioisha, kabla ya kufungua kesi nyumbani muulize kwanza alichota wapi maji alipokuwa mtoto. Yule mama alitibiwa akarudi kwenye majaruba yake. Lakini ile miaka ya kutuhumiwa hatukuwa na dawa yake.

Sehemu ya 5 ni kichocho cha tumbo na watoto wa mwaloni. Siku njema.