Mpaka wa Embu Haukuteleza, Ulikatwa

Wasee, ramani zinazotembea zimejaa kila mahali siku hizi. Rangi inasambaa, mishale inakimbia, miaka inahesabika pale kwa kona, na kwa sekunde 40 umemaliza historia ya jamii nzima. Mimi hutengeneza hizo video na nazipenda. Lakini jaribu kutengeneza moja ya Meru na Embu, utaona programu inajua kusogeza mistari tu. Historia haijui.

Kwa wale hawajawahi kuifanya, kazi yenyewe iko hivi. Una taimlaini chini ya skrini. Unaenda mwaka fulani, unachora mpaka vile ulikuwa, unaweka alama. Hiyo alama ndiyo kifreimu. Unaruka miaka mbele, unachora mpaka mpya, unaweka kifreimu cha pili. Kila kitu cha katikati, kompyuta inajijazia yenyewe. Hujakichora, hujakisoma popote, lakini kiko kwa video yako.

Sasa chukua Embu. Wakati wa mkoloni, wilaya ya Embu ilibeba pia Ndia na Gichugu, yaani Kirinyaga ya leo. Uhuru ulipokaribia na mipaka ikapangwa upya, Kirinyaga ilikatwa ikabaki Kati, na kufikia 1963 Embu na Meru zilikuwa zimepelekwa Mashariki. Ukiweka kifreimu kimoja 1950 na kingine 1970, kompyuta itausogeza mpaka pole pole kwa miaka 20. Simamisha video hapo 1960: Kerugoya imeshatoka Embu, Kianyaga bado iko ndani. Huo mpaka haujawahi kuwepo hata siku moja. Wa kweli ulikatwa kwa kalamu.

Utasema ni video tu. Lakini si mnajua vile mambo ya ardhi huwa moto huku kwetu? Meru na Isiolo wamevutana juu ya mpaka miaka mingi. Mtu akipiga skrinishoti ya hiyo 1960 ya uongo, akaitupa kwa grupu ya kijiji, hakuna atakayeuliza ni nani alichora.

Kwa hivyo mpaka wa serikali unafaa kuruka. After Effects inakuruhusu kuambia kifreimu kishikilie hapo hapo hadi kinachofuata kifike. Ukifanya hivyo, mambo yanaanza kueleweka. Zamani ukitoka Runyenjes ukavuka mto Thuci, umeingia wilaya ya Meru. 1992, Tharaka-Nithi ikatolewa Meru, na sasa ukivuka Thuci uko Tharaka-Nithi. 1996, Mbeere nayo ikatolewa Embu ikawa wilaya. Halafu Katiba ya 2010 ikaunda kaunti 47 kwa kufuata wilaya za 1992: Meru namba 12, Tharaka-Nithi 13, Embu 14. Mbeere ikajikuta tena ndani ya Embu. Yaani Tharaka-Nithi kuwa na gavana wake na Mbeere kukosa, tofauti ni miaka minne kwa taimlaini. Hiyo huwezi kuiona kama mistari yako inateleza.

Lakini si kila kitu kinaruka. Waingereza walipowashinda Waembu 1906, walichoweka pale ni kituo. Meru walikuja 1908, na E. B. Horne, yule Wameru walimwita Kangangi. Ukipaka nchi yote rangi ya Uingereza siku hiyo hiyo, unampa mkoloni nguvu ambayo bado hakuwa nayo. Hapa weka doa dogo uliache likue pole pole, pamoja na barabara, kodi, machifu na misheni.

Halafu kuna ile safari ya zamani, na hapo ndipo wengi wetu tunaharibu. Wazee wa Meru wanasimulia kwamba walitoroka Mbwaa, walikotawaliwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, wakiongozwa na Koomenjoe. Maji yaligawanyika wakavuka. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Wa alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe. Buda, hiyo ni taimlaini tayari! Ina vifreimu vitatu, na haina hata mwaka mmoja.

Wapo wanaosema Mbwaa ni Manda, karibu na Lamu, na wapo wanaopinga. Ukichora mshale ulionyooka kutoka Manda hadi mlimani, umetandika zaidi ya kilomita 400 za uhakika ambao mzee mwenyewe hakukupa. Na Waembu je? Wao wanasimulia Mwenendega na mkewe, hapo hapo upande wa Runyenjes. Mshale wako utawapitisha wapi?

Mimi naona safari hiyo ichorwe kama ukungu: rangi tatu, usiku, alfajiri, mchana, bila tarehe kwa kona. Sauti ya msimulizi ibebe kazi ambayo mstari hauwezi.

Kwa hivyo ukiona ramani inateleza smuuth sana, isimamishe katikati ya miaka miwili. Muulize aliyeitengeneza, hata kama ni mimi: hapa kuna ushahidi, ama ni kompyuta imejijazia?