Jiwe la kwetu, ujuzi wa kwao

Vijana wenzangu, shika simu yako. Ndani yake kuna kapasita, vidude vidogo vinavyotunza umeme na kuuachia haraka. Baadhi vinatengenezwa kwa tantalamu, inayotoka kwenye koltani kama ile ya Kivu, hapo ng'ambo ya mto Rusizi. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipaa. Watu wakaacha mashamba, wakaingia mashimoni, na vita ikapata kuni.

Sasa sikia: siri ya tantalamu si uzito, ni uso. Unga wake una vitundu vingi, na umeme unatunzwa kwenye utando mwembamba sana juu yake. Uso ukiongezeka, umeme unaongezeka.

Mwaka 2004, kule Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua grafiti, ile ya penseli, kwa selotepu mpaka ikabaki safu moja tu ya atomu: grafini. Gramu moja ina uso wa mita za mraba kama 2,600, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira. Mwaka 2010 wakapewa Nobel. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, kikatoa safu nyingine nyembamba za titani na kaboni, zinazotunza umeme vizuri. Mwaka uliofuata hata tantalamu ikaingia katika ukoo huo.

Jiwe liliondoka kwetu, ujuzi wa uso wake ukabaki kwao. Penseli tunazo. Ninyi mnaotuhudumia, mkileta madaftari, leteni na vitabu vya kemia.