Sataranji: Jinsi ya kunufaika na makosa ya mpinzani mwanzoni mwa mchezo

MCHEZAJI chipukizi wa sataranji mara nyingi hashindwi kwa sababu mpinzani wake ana kipaji kikubwa, bali kwa makosa machache yanayojirudia. Kwa mwanafunzi wa Kitui au Makueni asiye na mkufunzi karibu, kuyafahamu makosa hayo huweza kumwepusha kuaga mashindano mapema.

Miraba ya ubao hutajwa kwa herufi a hadi h, kuanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na nambari 1 hadi 8, kuanzia upande wake. Mahali dhaifu zaidi pa mwenye kete nyeusi ni f7, kwa kuwa hapo mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake.

Mtego maarufu hulenga mraba huo. Mweupe husogeza askari hadi e4, Mweusi e5. Mweupe hupeleka askofu c4, Mweusi farasi c6. Kisha malkia mweupe hutua h5. Mweusi akikurupuka kumfukuza kwa farasi f6, malkia humla askari wa f7, mfalme akafungwa kwa hatua nne tu.

Hata hivyo, mtego huo una gharama. Mweusi akijibu kwa askari g6, malkia hulazimika kukimbia. Akirudi f3 kutishia upya, farasi f6 huziba njia. Mweupe huwa amepoteza hatua, huku mpinzani akizidi kutoa kete zake.

Kosa la pili hubeba jina la Pedro Damiano, Mreno ambaye kitabu chake cha sataranji kilichapishwa Rome mwaka wa 1512, ingawa yeye mwenyewe alilikosoa. Baada ya e4 na e5, Mweupe hutoa farasi f3, naye Mweusi hulinda askari wake kwa f6. Farasi humla askari wa e5. Mweusi akimla farasi huyo, malkia hufika h5 na kumtishia mfalme. Akiziba kwa g6, malkia humla askari wa e5 na kutishia mfalme pamoja na ngome ya h8. Mwenye busara humwacha farasi na kupeleka malkia wake e7.

Kosa la mpinzani humfaa aliyejiandaa. Wakulima wengi wa Ukambani hupanda udongo ungali mkavu ili mvua iwakute tayari. Vivyo hivyo, mchezaji ashike katikati ya ubao, atoe farasi na maaskofu, amhifadhi mfalme, kisha kila mara ajiulize: hatua hiyo ya mpinzani imeacha nini bila ulinzi?