Cheza Usikae, Changia, Kisha Jiunge Nasi

Wadau, leo twende Marekani kidogo. Sote tumeyaona kwenye sinema yale majumba makubwa pembeni ya vyuo, yenye herufi za Kigiriki ukutani na vijana wamejazana barazani na vikombe vyekundu mkononi. Wanaume wana vyao, vinaitwa fratenati. Wanawake wana vyao, vinaitwa sororiti. Kwenye sinema ni pombe na vituko mwanzo mwisho. Sinema haisemi kwamba majumba hayohayo hukusanya mamilioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya hospitali, vipofu na watoto wagonjwa. Na wenyewe nao hawapendi kusema kwa sauti kubwa kwamba harambee hizo zina kazi ya pili, kuvua wanachama wapya.

Nimekuwa nikiisoma historia hii kwa muda sasa. Nilianza kwa udadisi tu, nikitaka kujua nani aligundua ujanja huu wa kuunganisha hisani na usajili. Nilichokuta ni kwamba hisani iliingia kwenye vyama hivi kupitia mlango wa woga.

Mwanzo wake haukuwa na hisani hata chembe. Desemba 5, 1776, vijana wa chuo cha William & Mary pale Williamsburg, Virginia, waliunda Phi Beta Kappa, chama cha siri cha mijadala na urafiki. Mwaka 1825 wenzao wa Union College, jimbo la New York, wakaunda Kappa Alpha, na hapo ndipo mtindo ukasambaa. Wasichana walikuja baadaye kwa sababu vyuo vyenyewe vilichelewa kuwapokea: Pi Beta Phi mwaka 1867, Kappa Alpha Theta na Kappa Kappa Gamma mwaka 1870. Hawa walikuwa na sababu nzito zaidi. Fikiria uko darasani na wasichana wengine wachache tu, profesa haamini kwamba unastahili kuwepo. Utaacha kutafuta dada?

Tatizo likaja kwenye kugombea watu. Usajili wenyewe wanauita "rush", yaani kukimbilia, na neno linajieleza. Msomaji uliyewahi kushuka kwenye basi na sanduku lako, ukapokelewa na watu wenye fulana za kikundi fulani ambao hukuwaomba wakubebee, unajua ninachozungumzia. Mambo yalifika mahali sororiti zikawa zinawanasa wasichana kabla hata hawajaandikishwa chuoni. Mwaka 1902 sororiti saba zilikutana Chicago zikaanza kuwekeana kanuni, na kikao hicho ndicho kilichozaa baraza linalosimamia usajili wa sororiti nyingi mpaka leo.

Huku nje, wananchi na wanasiasa walikuwa wamechoka. Waliviona vyama hivi kama vya watoto wa matajiri, vya siri na vya kibaguzi. South Carolina ilivipiga marufuku kwenye vyuo vya serikali mwaka 1897. Mississippi ikafuata mwaka 1912. Mwanafunzi mmoja akaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1915 majaji wakasema jimbo lina haki ya kuvifuta. Hapo lazima viongozi wa vyama walikosa usingizi. Kama jimbo moja linaweza, majimbo mengine yanasubiri nini?

Sasa angalia tarehe. Mwaka 1910 Pi Beta Phi waliamua kuwa na mradi wa chama kizima, na mwaka 1912 wakafungua shule Gatlinburg, Tennessee, milimani, mahali ambapo elimu ilikuwa ya kubahatisha. Sisemi walifanya kwa woga peke yake. Kulikuwa na walimu waliokwenda kuishi kule, na walichokianzisha kipo hadi leo kama shule ya sanaa na ufundi iitwayo Arrowmont. Lakini mradi ule ulikipa chama kitu ambacho hakikuwa nacho: jibu. Mzazi akiuliza "hicho chama cha binti yangu kinafanya nini?", lipo la kusema. Delta Gamma wakapata jibu lao mwaka 1936, pale mwanachama wao Ruth Billow, ambaye alikuwa haoni, alipopendekeza chama kichukue suala la macho na vipofu. Leo matawi yao huchangisha kwa mashindano ya kuogelea yanayoitwa Anchor Splash, ambayo waogeleaji wake wengi ni vijana wa fratenati. Wasichana hutazama, vijana hujionyesha, vipofu hupata fedha. Mnaona jinsi mashine inavyoanza kufanya kazi?

Hapa nasimama kidogo, maana kuna upande wa historia hii ambao kwangu ndio wenye uzito.

Wanafunzi weusi hawakupokelewa kwenye majumba yale. Wakaunda ya kwao. Alpha Phi Alpha ilianza Cornell mwaka 1906 (ndiyo aliyojiunga nayo Martin Luther King akiwa Boston mwaka 1952). Alpha Kappa Alpha ilianza Howard mwaka 1908, na baadaye ndiyo aliyopitia Kamala Harris chuoni hapohapo. Delta Sigma Theta ilianza pia Howard, Januari 13, 1913, na wasichana 22. Hawakukaa hata miezi miwili. Machi 3 mwaka huohuo waliingia barabarani Washington kwenye maandamano ya wanawake kudai kura, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza hadharani.

Halafu kuna Mississippi. Kuanzia mwaka 1935, Alpha Kappa Alpha wakiongozwa na daktari Dorothy Boulding Ferebee walitumia majira ya joto kwenda kutibu watu weusi waliokuwa wakilima pamba kwenye mashamba ya wazungu. Walikuwa madaktari, wauguzi na walimu, na walisafiri kwa magari yao wenyewe. Mpango ulikuwa wafungue kliniki, watu waje. Wenye mashamba wakakataa kuwaruhusu wafanyakazi wao kuondoka. Basi wale akina mama wakapakia dawa na chanjo kwenye magari, wakawafuata watu mashambani. Walichanja watoto dhidi ya dondakoo na ndui, waliangalia meno, walifundisha lishe. Mradi uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Hao nao walikuwa wanatafuta wanachama? Ndiyo, kila chama kinatafuta. Msichana wa Howard aliyesikia habari za Mississippi alikuwa na sababu ya kutaka kuvaa rangi zile. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mtazamaji kwenye yale mashamba. Hakuna aliyeuza tiketi.

Na mkono huo ulifika mpaka kwetu huku. Delta Sigma Theta walichangia hospitali ya wazazi pale Thika, Kenya, ile ambayo baadaye ilijulikana kama Mary Help of the Sick. Nadhani wapo wasomaji wangu waliozaliwa pale bila kujua kwamba wanafunzi na walimu weusi wa Marekani walitoa dola zao ili mama zao wajifungulie mahali salama.

Haya, turudi kwenye majumba makubwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vilijaa askari waliorudi, wanasomeshwa na serikali. Vyama vilikuwa na desturi ya wiki ya kuwatesa wanaoingia: kuwanyima usingizi, kuwapiga, kuwadhalilisha. Iliitwa Wiki ya Jehanamu. Sasa mwambie mtu aliyepigana Ulaya na kurudi hai kwamba apige magoti mbele ya kijana wa miaka 20 ili apewe beji. Hakuna. Vyuo navyo vikabana. Hivyo vyama vingi vikageuza wiki ile kuwa Wiki ya Msaada: wanachama wapya wakapelekwa kupaka rangi vituo vya watoto na kusafisha bustani za mji. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili, jehanamu na msaada, yanatofautiana herufi moja tu. Walipenda sana mzaha huo. Mateso hayakuisha lakini, yalihamia ndani.

Kisha ikaja miaka ya mwisho ya 1960. Vijana wakawa wanaandamana dhidi ya vita vya Vietnam, nywele ndefu, na fratenati zikaonekana kitu cha babu. Wanachama wakapungua. Ni katika hali hiyo, mwaka 1973, baraza la fratenati la Penn State lilipofanya marathoni ya dansi. Marekani waliijua michezo hii tangu Alma Cummings alipocheza saa 27 mfululizo New York mwaka 1923, akiwachosha wanaume sita. Wakati wa mdororo wa uchumi ikageuka biashara ya kikatili, watu wenye njaa wakicheza hadi kuanguka ili wapate chakula na zawadi. Vijana wa Penn State waliichukua, wakaigeuza hisani. Mwaka ule wa kwanza jozi 39 zilicheza saa 30 na kupata dola zaidi kidogo ya 2,000.

Mwaka 1977 wakachagua mnufaika mmoja, mfuko wa Four Diamonds, ulioanzishwa mwaka 1972 na wazazi waliofiwa na mtoto wao kwa saratani. Mfuko huo huwalipia watoto wenye saratani wanaotibiwa hospitali ya watoto ya Penn State pale Hershey gharama ambazo bima hailipi. Leo wanaiita THON. Ni saa 46 bila kukaa wala kulala, kwenye ukumbi unaochukua watu zaidi ya 15,000. Mwaka 2012 walivuka dola milioni 10 kwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 walivuka milioni 17.

Sasa usajili unaingiaje? Fratenati na sororiti huungana jozi kuchangisha, na nafasi za kupeleka wachezaji zinategemea mmeleta kiasi gani. Kwa hiyo kila nyumba inahitaji mikono mingi, na kila nyumba yenye jina kubwa kwenye THON ina cha kumwambia mwaka wa kwanza. Kwenye vyuo vingi usajili wa sororiti una siku nzima ya hisani, ambapo mgeni anakaribishwa, anatengeneza kadi ya mtoto mgonjwa huku dada mmoja akimsimulia mradi wa chama. Tena wapangaji wanajua kazi yao. Tukio dogo la kula chapati za maji usiku huwekwa wiki za kwanza za muhula, wakati mwaka wa kwanza hana rafiki. Kiingilio kinakuwa cha chini ili asifikirie mara mbili. Fulana zinachapishwa herufi kubwa mbele, majina ya wafadhili mgongoni, na atakayeinunua ataivaa mwaka mzima. Sigma Chi na Derby Days zao hushindanisha sororiti kwa pointi, hivyo kila sororiti huja na watu wake wote. Vyama vya weusi, ambavyo havina "rush" ya wazi, vina mashindano ya stepu: kupiga miguu na makofi kwa mpangilio, kiingilio kinakwenda kwenye ufadhili wa masomo, na aliyekaa jukwaani anajua tayari anataka kuvaa rangi gani.

Kwa kweli mimi sioni ubaya kwenye hilo peke yake. Mtoto wa Hershey hajali kama aliyemchangia alikuwa anatafuta mchumba. Ninachokiona kibaya ni pale hesabu ya hisani inapotumika kufunika hesabu nyingine. Wapo wanafunzi wa Penn State waliokufa kwenye ajali za gari katika safari za wikiendi za kwenda kusimama barabarani na makopo ya kuomba fedha. Kufikia mwaka 2019 utaratibu huo ukawa umeondolewa. Na Februari 2, 2017, usiku wa kwanza wa kupokea wanachama wapya kwenye nyumba ya Beta Theta Pi chuoni hapohapo, Timothy Piazza, miaka 19, alinyweshwa pombe, akaanguka ngazi, na hakuna aliyeita msaada kwa karibu saa 12. Alifariki Februari 4. Wiki mbili baadaye ukumbi ulijaa kama kawaida, na zaidi ya dola milioni 10 zilipatikana.

Jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018, na Desemba 2024 Marekani nzima ikapata sheria inayovitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya kutesa wanachama wapya, kwa jina la chama. Ripoti za kwanza zilipangwa kutoka mwishoni mwa 2025. Maana yake ni kwamba mwaka wa kwanza aliyepanga foleni ya chapati za maji za dola tano, kwa ajili ya watoto wagonjwa, anaweza kuifungua ripoti hiyo kwenye simu yake kabla hajafika mezani.