Kilima cha Kijani Mwanhuzi

Nje ni kiangazi, vumbi linapanda hadi mlangoni. Ndani ya steshenari hii ya Mwanhuzi, kwenye kioo cha kompyuta, kuna kilima cha kijani kibichi. Charles O'Rear alikipiga picha California mwaka 1996, na tangu 2001 ndiyo sura ya Windows XP.

"Kaka, hii haijawahi kuniangusha," mwenye duka ananiambia, akiprinti barua ya chama cha wakulima wa pamba. Namwamini. XP inatosheka na MB 128 za kumbukumbu, printa yake ya zamani inaielewa, na vidole vyake vinajua njia bila macho kuangalia.

Nikimtazama nazikumbuka hati za Kiswahili cha Pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Humo herufi moja ilibeba sauti za b, p na mb, hivyo neno lile lile likasomeka bata, pata au mbata. Aliyeuhifadhi utenzi hakusumbuka, kwa kuwa jicho lilimkumbusha tu kile ambacho sikio lilikwisha kukiweka. Aliyekwama ni mgeni. Huko Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua, yule aliyetukusanyia mashairi ya Muyaka bin Haji, akaziongezea herufi hizo alama za kutenganisha sauti. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

XP haina Sikujua wake. Msimbo wake umefungwa, na Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 8, 2014. Kirusi cha WannaCry kilipozuka Mei 2017, kampuni ilitoa kiraka cha XP kwa dharura; kumbe uwezo ulikuwapo! Kwa programu huria mambo ni mengine: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi, waliitafsiri OpenOffice ikawa Jambo OpenOffice. Ndiyo maana siulaumu uzee wa mashine hii. Kinachoniuma ni kwamba fundi wa hapa, hata awe hodari vipi, hana pa kuingiza mkono.

Kijana anaingia, anataka kuomba kazi. Tovuti inagoma kufunguka; kivinjari cha XP hakijui tena usimbaji unaotakiwa. Mwenye duka anachukua simu yake, anamjazia fomu humo, kisha anaichomeka kwa waya kwenye kompyuta. Karatasi inatoka safi kabisa, na kilima kinarudi kwenye kioo.